Mwaka Nilioambiwa Nithibitishe Akili Yangu

Nasrin haandiki ujumbe. Hutuma sauti, na sauti zake huanzia katikati, kana kwamba tumekuwa tukizungumza tangu jana. "Na uvae kitu ya maana," ndivyo ulivyoanza ule wa Januari. "Usikuje na hiyo sweta yako ya ualimu. Yule mzee yako anaagwa, sasa. Lanchi, hoteli kubwa huko tauni, maprofesa wote. Wanampa zawadi juu ya akili yake. Juu ya akili yake, Mwikali! Nimecheka mpaka watoto wakauliza nani ameshinda nini." Niliusikiliza mara tatu nikiwa nimesimama jikoni na kisu mkononi, sukumawiki nusu imekatwa. Mzee wangu, kama Nasrin anavyomwita ili kunichokoza, ni Profesa Ndonye, aliyetufundisha falsafa ya akili mimi na Nasrin tulipokuwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Huenda umewahi kumsikia redioni. Ndiye yule msomi anayesema kwamba kichwani mwake hamna picha hata moja, kwamba akifumba macho na kumkumbuka mtu haoni uso wala rangi, na bado anafikiri, anapenda na anaomboleza kama watu wote. Amezunguka nchi nyingi akiyasema hayo. Akili anayoieleza ni yangu. Aliichukua kwangu, kwenye karatasi za fulskapu, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Ni vizuri niseme nawe mapema, msomaji, usije ukanisoma ukitarajia jambo jingine: sikwenda kwenye ile lanchi ili nimsamehe.

Mwaka ule nilikaa Woodley, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Mama Syombua, mjane aliyefanya kazi ya ukarani serikalini na kuimba kwaya Jumapili. Zile nyumba za halmashauri ni za zamani, zenye kuta nene na sakafu nyekundu unayoipiga rangi ukiwa umepiga magoti, na chumba changu kilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, na mlango uliofungwa kwa msumari ulionitenganisha na sebule. Kupitia mlango huo nilisikia kila kitu. Wanakwaya walikuja Jumamosi mchana kufanya mazoezi, lakini kwanza walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na walipokula walinijadili. "Huyu msichana wako anasomea nini?" sauti moja iliuliza. "Anasomea akili," alijibu Mama Syombua, kwa fahari. "Akili inasomewa? Si mtu ako nayo ama hana?" "Hiyo ndiyo wanatafuta huko." "Na wakiipata wataiweka wapi?" Wakacheka hadi sufuria ikatikisika mezani. Nilicheka nami upande wangu, kwa sababu yule mama alikuwa ameliuliza swali letu lote kwa maneno machache kuliko vitabu vyetu. Kwa miaka thelathini ya kufundisha nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba falsafa ya akili si jambo la kutisha. Inauliza mambo mawili tu. La kwanza, akili ni kitu gani? La pili, ninajuaje kwamba wewe unayo, na kwamba ya kwako inafanana na yangu, ikiwa siwezi kuingia ndani yako nikaangalia? La pili ndilo lililonivunja, kwa hiyo naomba ulishike vizuri.

Daktari Ndonye, maana wakati huo hakuwa profesa bado, alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na hakuwahi kumcheka mwanafunzi. Namtendea haki kwa hilo. Darasa letu lilikuwa ghorofa ya tatu, madirisha yakitazama barabara, na kila alipofika jambo gumu alifunga madirisha ili tusikilizane. Siku moja alituambia tufumbe macho. "Mwone mtu unayempenda," akasema. "Anaingia mlangoni. Amevaa nini?" Wenzangu wakaanza kujibu mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema sweta ya maruni iliyopasuka kiwiko. Mwingine alisema gauni la maua, na akaongeza kwamba maua yale yalikuwa ya njano. Nilipofikiwa nikasema, "Koti," kwa sababu mama yangu alikuwa na koti, na nikaona aibu, kwa kuwa nilidhani wenzangu wote ni hodari wa kutunga hadithi na mimi sijui kutunga. Tulipotoka nilimshika Nasrin mkono kwenye ngazi. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, na Nasrin angeweza kukutajia rangi ya kitambaa alichokiuza mwaka uliopita.

"Mlikuwa mnatunga, sivyo?" nikamuuliza.

"Kutunga nini? Si unamwona tu."

"Unamwona wapi?"

"Hapa." Akajigonga kipaji cha uso. "Wewe je?"

"Hakuna kitu."

"Giza? Kama stima imepotea?"

"Hata giza si giza, Nasrin. Hakuna tu. Ninajua mama yangu yukoje. Simwoni."

Alinivuta pembeni mwa ngazi, watu wakitupita. "Haki ya Mungu? Hata mama yako?" Kisha, kwa kuwa ni Nasrin, akasema, "Basi mtihani unaupita aje na huoni daftari?"

Jaribu mwenyewe kabla ya kuendelea. Fumba macho, umkumbuke mtu wa nyumbani kwako. Wengi wenu mtaona kitu: kwa baadhi kitakuwa wazi kama picha ya ukutani, kwa wengine hafifu kama kivuli kwenye kioo chenye ukungu. Wachache hamtaona lolote, na huenda ndiyo kwanza mnagundua, kama nilivyogundua mimi kwenye ngazi zile. Usiogope. Hujapungukiwa akili. Mimi ninakumbuka kwa namna nyingine: ninajua kwamba mama alikuwa mfupi kuliko mlango wa jiko, ninajua uzito wa mkono wake begani, ninajua maneno yake na mpangilio wake. Ukinionyesha picha yake nitamtambua mara moja. Ukiiondoa, uso nao unaondoka. Siku hizi jambo hilo lina jina na watu wanalizungumza kwenye simu zao. Wakati ule halikuwa na jina nililolijua, na katika vitabu tulivyopewa, waandishi wakubwa walisema bila wasiwasi kwamba kufikiri ni kutazama picha zilizo ndani. Nilipozisoma kurasa hizo kwenye kile chumba cha Woodley nilikasirika, kisha nikafurahi kama sijawahi kufurahi. Kama wako sahihi, mimi sijawahi kufikiri hata siku moja. Na nimefikiri. Kwa hiyo wamekosea, na mimi niliyekaa hapa kwenye kitanda cha chuma ndiye ushahidi.

Kulikuwa na desturi katika idara yetu, na desturi hiyo ndiyo iliyoniponza. Insha kubwa ya mwaka wa tatu haikuandikwa kimyakimya na kupelekwa ofisini. Ilibidi kwanza uisome kwa sauti mbele ya mwalimu wako, naye akukatize popote asipoelewa. Wengine walisomea ofisini. Daktari Ndonye alitualika nyumbani kwake Kileleshwa, mwanafunzi mmoja kila Alhamisi saa kumi jioni, na ilihesabiwa kuwa heshima. Ilikuwa fleti ya ghorofa ya pili yenye sakafu ya mbao na vitabu hadi kwenye baraza. Mkewe, Mama Mueni, alipika chapati na ndengu mlango wa jiko ukiwa wazi, na hakuruhusu mtu asome akiwa na njaa. "Kula kwanza, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Hayo maneno hayataharibika." Kisha aliniongeza ya pili kabla sijamaliza ya kwanza. Nilikwenda kule Alhamisi nne, maana Daktari alisema insha yangu inahitaji zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza, nilipomweleza tu kwamba sioni picha, aliweka kikombe chini. "Kabisa?" akauliza. "Kabisa." Akasimama akaenda dirishani. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiandika makala ya kupinga wale wanaosema kufikiri ni kutazama picha, na hoja zake zilikuwa nzuri ila hazikuwa na mtu ndani yake. Sasa mtu alikuwa kwenye kiti chake akila chapati. "Andika hilo," akasema. "Usiandike juu ya vitabu. Andika ilivyo."

Nikaandika ilivyo. Mara ya nne nilimsomea yote, kurasa kumi na nane, na insha yenyewe ilianza kwa sentensi niliyoihangaikia wiki mbili: Ninampenda mama yangu na siwezi kumwona. Nilipoisoma, kelele za sufuria jikoni zilinyamaza. Nilipofika mwisho, Mama Mueni alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko akijifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Hata ukifumba kabisa?" akaniuliza. "Hata nikifumba." "Pole, mwanangu," akasema, akarudi ndani. Daktari akanyoosha mkono. "Niachie wiki moja niandike maoni pembeni." Sikuwa na nakala nyingine. Hakuna mwanafunzi wa wakati ule aliyekuwa na nakala nyingine. Tuliandika kwa mkono, tukampa mwalimu, tukarudishiwa, ndipo tukapeleka kwa mpiga chapa. Nilimpa kwa mikono miwili.

Wiki hiyo nikaugua taifodi. Nililala siku kumi na saba Woodley, Mama Syombua akininywesha uji kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi. Siku ya kumi na tano Nasrin alikuja na bhajia kwenye gazeti, akakumbuka kwamba siruhusiwi kula mafuta, akaketi kwenye ukingo wa kitanda akazila yeye. Nilimjua. Nasrin akila bila kuongea, kuna jambo.

"Sema."

"Dokta alitoa mhadhara juzi. Ile ya kitivo chote. Ukumbi ulijaa."

"Juu ya nini?"

"Juu yako." Akakunja gazeti mara mbili, tatu. "Alianza hivi: Ninampenda mama yangu na siwezi kumwona. Watu walinyamaza kabisa, kuna mama alilia. Mimi nikadhani anakunukuu. Nikangoja jina yako. Nikangoja mpaka mwisho, Mwikali. Haikuja. Akasema ni yeye. Ati tangu utotoni haoni. Wakasimama kumpigia makofi."

Nilimwambia amekosea. Nilimweleza kwa subira, nikitetemeka kwa homa, kwamba lazima alisema "mwanafunzi wangu fulani", na kwamba yeye Nasrin hasikilizi vizuri ukumbini kwa sababu hutazama nguo za watu. Alinifunika blanketi.

Nilipopona nilikwenda ofisini kwake. Nakala yangu haikuwa mezani. Alisema imepotea na kwamba amehuzunika sana, na nadhani ile huzuni ilikuwa ya kweli kwa namna yake. Kisha akanishauri, kwa ile sauti ya upole niliyoizoea, nibadilishe mada. "Andika juu ya maumivu," akasema. "Uko na kipaji. Nitakupa alama unayostahili, na ile nafasi ya mhadhiri msaidizi ni yako." Idara ilichukua mwanafunzi mmoja tu kila mwaka kumsomesha uzamili na kumfundisha kazi, na kila mtu alijua mwaka ule ningekuwa mimi.

"Na hii mada?"

"Hiyo sasa ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi, Daktari."

Hakukasirika. Alinitazama kama alivyotutazama darasani alipotaka tuone shimo katika hoja zetu. "Mwikali, fikiria kama mwanafalsafa. Utamwonyeshaje mtu?"

Ningeweza kuandika juu ya maumivu. Nimewaambia wanafunzi wangu zaidi ya mara moja kwamba hakuna aibu kukubali nusu unapokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na huna mtu nyuma yako. Lakini nilirudi Woodley, nikaiandika upya insha yote kutoka kichwani, kwa siku nne, na kwa kuwa mimi hukumbuka kwa maneno ilitoka karibu neno kwa neno. Nikaipeleka. Wiki mbili baadaye niliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuiba maandishi ya mhadhiri wangu.

Walikuwa wazee watatu kwenye meza ndefu, wamewekewa chai na biskuti ambazo hawakuzigusa. Daktari Ndonye aliketi pembeni, ameinamisha kichwa, kama mtu anayeumia kwa niaba yangu. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliniita binti. "Binti, hebu tusaidie. Sisi watatu hapa, tukifumba macho, tunaona. Mimi ninamwona ng'ombe wangu hata sasa. Daktari anasema yeye haoni. Tumemwamini, ni mtu wa heshima. Sasa na wewe unasema huoni. Jambo la ajabu hivi, watu wawili kwenye korido moja?"

"Si wawili, mzee. Ni mmoja. Ni mimi."

"Unaweza kuonyesha?"

"Nipimeni."

"Tukupime kwa nini? Rula?" Wenzake wakacheka kidogo, bila ubaya. Nikasema Mama Mueni alinisikia nikisoma, alisimama mlangoni, alilia. Wakamtumia barua. Jibu lake lilikuja siku ya tatu, mistari miwili kwa mwandiko mzuri: kwamba yeye huwa jikoni wageni wa mumewe wanapozungumza, na hasikilizi mazungumzo ya kisomi. Hilo liliniingia zaidi ya yote. Kwa Daktari nilikuwa hoja. Kwa yule mama nilidhani nilikuwa mtu. Insha ilipewa sifuri, nafasi ikaenda kwa mwingine, nikatoka na shahada ya kupita tu. Wengine wameibiwa makubwa kuliko hayo, najua. Lakini fikiria jambo lenyewe. Kitu pekee ambacho hakuna mwingine duniani angeweza kukijua kuliko mimi, yaani yaliyomo ndani ya kichwa changu, niliambiwa rasmi, kwa barua yenye mhuri, kwamba nimekinakili kwa mwingine.

Nilifundisha sekondari, nyumba mbili tatu kutoka Ngong Road, hadi nilipostaafu. Niliipenda kazi hiyo na sisemi hivi ili kujifariji. Lakini chuki nayo niliitunza vizuri, kama mtu anavyotunza cherehani. Watu wenye picha wakitaka kulipiza kisasi, wameniambia, huona: humwona adui ameanguka, huona uso wake ukibadilika. Mimi sikuwa na starehe hiyo. Nilikuwa na swali tu. Kila siku nilipopanga mstari kununua maziwa Adams Arcade, au niliposimamia mtihani, nilikuwa nikilitafuta: swali gani ambalo mtu asiye na picha angelijibu kwa namna moja, na mwenye picha akashindwa kujizuia? Maana nililijua jambo moja. Alikuwa amechukua maneno yangu, lakini akili yake ilibaki ileile. Alipaswa kukumbuka kuigiza kila siku, na mimi sikupaswa kukumbuka chochote. Kwa miaka mingi niliyatunga maswali kuhusu madirisha, njia, rangi za milango. Yote aliweza kuyakwepa. Alikuwa ameyasoma majibu kwenye karatasi zangu. Ndipo mwaka juzi Mama Mueni akafariki. Niliona tangazo gazetini, na kabla sijamaliza kulisoma nilijua swali langu. Sijivunii. Ninakuambia lilivyokuja.

Nilivaa kitenge kipya ili Nasrin anyamaze. Hakunyamaza. "Sasa umekuwa kama bibi ya waziri," akaninong'oneza tulipoketi. "Usimwage supu." Kulikuwa na meza ishirini hivi zenye vitambaa vyeupe, menyu iliyochapwa kwenye karatasi nene, na jukwaani mzee mwembamba mwenye fimbo, sauti ileile. Alisoma ukurasa wa kwanza wa makala yake. Alisoma sentensi yangu. Msimamizi, mhadhiri kijana wa kike aliyeipenda kazi yake, nilimwona hivyo, akauliza kama kuna swali. Nikainua mkono. Nasrin akanifinya paja, kisha akaniachia.

"Profesa, pole kwa msiba," nikasema kwenye kipaza sauti. "Mimi nilikuwa mwanafunzi wako. Mama Mueni alinilisha nyumbani kwenu Kileleshwa. Ningependa utuambie tu, unamkumbukaje?"

Hakunitambua. Uso wake ukalainika. Nilikuwa nimemuuliza jambo ambalo watu waliacha kumuuliza, na mfiwa yeyote angenishukuru. "Ah," akasema. "Asante. Kila asubuhi, asubuhi ya Mungu, yuko pale kwenye mlango wa jiko. Ana unga hadi kiwikoni. Amefunga kile kitambaa chake cha buluu, kimeteleza hivi, na hajui kwamba kimeteleza."

"Kimeteleza upande gani, Profesa?"

Akainua macho, akatazama juu kidogo ya vichwa vyetu, pale watu wanapotazama. "Kulia," akasema. "Hapana. Kushoto. Sikio la kushoto limefunikwa." Na akatabasamu, kwa sababu alikuwa amemwona.

Nilibaki nimesimama. Kwanza hakuna aliyeelewa. Kijiko kimoja kiligonga sahani mahali fulani. Kisha yule mhadhiri kijana akainua uso kutoka kwenye karatasi zake, taratibu, na kusema kwa adabu kubwa, "Lakini Profesa, samahani, umetazama wapi?" Mzee alimgeukia. Akafungua mdomo. "Ni namna ya kusema tu," akasema. "Ndiyo," msimamizi akajibu, "lakini ulikosea upande, halafu ukaangalia tena, ukasahihisha." Ndipo minong'ono ilipoanza, meza moja hadi nyingine, na yeye akanitazama kwa mara ya kwanza, akanitambua.

Nilitaka kujisikia mwenye furaha na nilijisikia. Walionifundisha dini watanisamehe. Ilikuwa furaha safi, na chini yake kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitarajia: wivu. Anamwona. Kila asubuhi anaamka akiwa na mke mlangoni, na kwa maisha yake yote amelipwa kwa kusema hana, ilhali mimi mama yangu nilimzika na sikubakiwa na hata sikio lake la kushoto.

Alinijia baada ya keki, wengine wakijifanya hawatutazami. Alitembea polepole, akiegemea fimbo. "Mwikali," akasema. "Umenisubiri miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Na ukamtumia yeye."

"Ndiyo. Naye aliwahi kuitwa shahidi, hakuja. Leo amekuja."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. "Mimi ni mzee. Sina kazi, sina cheo tena. Unataka nini?"

"Andika. Kwa mkono wako, kwamba ile sentensi na kila kilichoifuata ni vyangu, na kwamba wewe unaona."

"Sitakaa sana duniani, Mwikali. Daktari ameshaniambia."

"Basi andika haraka."

Akatafuta mfukoni, hakupata. Nasrin akampa kalamu kabla sijamwomba. Aligeuza menyu upande usio na maandishi, akailaza kwenye meza ya karibu, na herufi za kwanza zikapanda juu ya mstari usiokuwepo. Kiti kilikuwa kando yake. Sikumvutia. Alipofika kwenye jina langu aliandika la kwanza, akasita, akaniinulia macho: la pili alikuwa amelisahau. Nikamtajia polepole, herufi baada ya herufi, kama nilivyozoea kuwatajia wa kidato cha kwanza, nikingoja kila moja ikamilike vizuri kabla ya kumpa inayofuata.